Shajara ya mradi: kulipanga upya somo la Misingi ya Biashara, Moshi

Oktoba, chuo hakijafunguliwa

Nitakuwa naandika hapa kila kitu kikisogea, ili na nyie wenzangu mnaofundisha hili somo vyuo vingine muone kinachofanyika na mchukue mtakachopenda. Mradi wenyewe ni huu: somo la Misingi ya Biashara la madogo wanaoanza cheti, NTA level 4 (ngazi ya kwanza ya vyuo vya ufundi), nalipanga upya kuanzia mada ya kwanza mpaka ya mwisho. Mada zenyewe sizigusi, mtaala ni mtaala na mtihani wa mwisho uko palepale, ninachobadilisha ni kipi kinatangulia na mifano inatoka wapi.

Mpangilio wa zamani unaanza na maana ya biashara, halafu aina za umiliki, mazingira ya biashara, kazi za menejimenti, masoko, na kumbukumbu za fedha zinakuja mwishoni kabisa watu wameshachoka wanawaza test na nauli ya kurudi nyumbani. Ndo maana unapata mwanafunzi anakutajia kazi za meneja bila kupepesa macho, kupanga, kuratibu, kuongoza, kudhibiti, ila muulize genge la mama yake linabakiza shilingi ngapi kwa wiki anakwambia "linalipa tu Madam". Linalipa kivipi? "Si tunakula, tunasoma." Na kweli wanakula na wanasoma, ila swali bado liko pale, maana inawezekana kabisa ni shamba ndo linalilisha genge na nyumba nzima hakuna anayejua.

Mi hapo ndo naona kiini cha somo kilipo. Huku kwetu biashara ndogo nyingi zinabebwa na vitu ambavyo hakuna anayevilipia, ndizi za kihambani (shamba la nyumbani), maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, kibaraza cha baba, mikono ya binti aliyemaliza form four anasubiri matokeo. Haviingii kwenye hesabu yoyote. Mtu akishajua kuvitafuta na kuvipa bei ameshalielewa hili somo kwa sehemu kubwa sana, na asipojua, hata ukimfikisha kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni, atakuwa anajaza namba tu.

Kwa hiyo daftari linakuja wiki ya kwanza. Kuna mwenzangu wa uhasibu aliniuliza unafundishaje daftari kabla ya nadharia, nikamkumbusha mambo ya Luca Pacioli, yule mtawa wa Italia aliyechapisha maelezo ya debit na credit, yaani kila kitu kuandikwa pande mbili, kule Venice mwaka 1494. Yeye hakuubuni ule utaratibu, wafanyabiashara walikuwa wanautumia zamani, yeye aliuandika vizuri ukasomeka. Daftari lilitangulia, kitabu kikafuata. Basi na sisi tuende hivyohivyo.

Oktoba, wiki za mwanzo

Wanafunzi wamejigawa wawili wawili, kila pea inatafuta biashara moja ndogo ya kuifuata muhula mzima. Wamesambaa, wengine Mbuyuni, wengine Soko Kuu, Kiborloni, Pasua, Majengo, wengine wamebaki hukohuko wanakopanga Rau na Soweto. Kila pea ina counterbook moja. Safu tano tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichotumika bila kulipiwa, na kilichochukuliwa kwenda nyumbani. Safu mbili za mwisho ndo nimezisisitiza mpaka sauti imekauka.

Shida ya kwanza niliitegemea na imekuja kweli. Unamkuta mama wa watu kwenye nyanya zake unamwambia naomba niandike mauzo yako, anakuangalia juu mpaka chini, "wewe ni mtu wa TRA au wa manispaa?" Pea kadhaa zilifukuzwa. Nimewaandikia barua ya chuo, ila barua imesaidia kidogo sana kuliko walichofanya dada wawili waliokwenda Mbuyuni, wao hawakutoa hata kalamu siku ya kwanza, walikaa wakasaidia kuchambua nyanya, wakapanga mafungu, wakabeba maji, na waliporudi mama mwenyewe akawaita "njooni wanangu, mlisema mnataka kuandika nini?" Nimewaambia darasa zima wafanye hivyo. Na tumekubaliana jina la mwenye biashara haliandikwi popote, namba ya simu haiandikwi, na muhula ukiisha daftari linabaki kwake na chuoni inarudi nakala ya hesabu tu.

Novemba: maandazi

Wiki hii nimefundisha kitu kimoja tu na nimetumia vipindi vyote. Pea moja inafuata maandazi, mama anakaanga saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi ameshamaliza. Waliniletea ukurasa mmoja nikaunakili wote ubaoni kama ulivyo.

Unga kilo 4, shilingi 8,000. Sukari 2,400. Mafuta lita moja 6,000. Hamira na iliki 600. Mkaa 3,000. Jumla 20,000. Mauzo 24,000, andazi moja 200. Faida 4,000, na wakaipigia mstari chini.

Nikauliza darasa, andazi ngapi zimeuzwa? 120. Zimekaangwa ngapi? Kimya, halafu mmoja wa wale wenyewe akasema 130, kumi watoto walikula wakienda shule. Sawa. Na unga umekandwa na nini? "Maziwa, Madam." Maziwa yako wapi hapo ubaoni? "Ya nyumbani, hayanunuliwi." Yakiuzwa kwa jirani ni bei gani? 1,500 lita, na zinaingia lita mbili. Basi tukaandika 3,000 pale chini ya mkaa na gharama ikawa 23,000, darasa zima likapiga kelele kwamba mama anapata buku tu.

Hapana, tukaendelea, maana zile andazi kumi hazikupotea, zimeliwa na wenye biashara. Kwenye uhasibu kilichochukuliwa na mwenyewe kinatolewa kwenye gharama ya mauzo kwa bei ya gharama, siyo kwa bei ya kuuzia. 23,000 gawa kwa 130 unapata kama 177 kwa andazi, mara kumi ni 1,770. Gharama ya zile 120 zilizouzwa ni 21,230. Faida ni 2,770. Siyo 4,000 ya daftari la mwanzo na siyo 1,000 ya kelele.

Halafu likaja swali nililokuwa nalisubiri, na masaa matano ya mama? Hapa mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema alipwe kama kibarua na hesabu ifutike kabisa, mwingine akasema saa kumi alfajiri angekuwa amelala, hakuna anayemlipa kulala, kwa hiyo muda ule hauna bei nyingine. Dada mmoja wa nyuma akajibu kwamba saa moja mpaka saa tatu hajalala, hapo angeweza kuwa anakata majani ya ng'ombe anayetoa hayo maziwa. Mi sikufunga mjadala. Bei ya muda ni kile ambacho ungekifanya kama usingefanya hiki, na hilo kila mtu ana lake, nimewaachia kila pea ikamuulize mwenye biashara wake angekuwa anafanya nini, waandike jibu lake kwa maneno yake.

Novemba, mwishoni: makadirio

Tumebaki na maandazi yaleyale kwa sababu kodi ndo inawatisha watu na nataka waione kwa namba. 24,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 52, ni 7,488,000 kwa mwaka. Watu waliguna. Karai moja la maandazi linavuka milioni saba! Ila hayo ni mauzo, na kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo inaangalia mauzo ya mwaka, siyo faida.

Kwenye jedwali la TRA tulilotumia darasani, chini ya milioni 4 hakuna kodi. Milioni 4 mpaka 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Milioni 7 mpaka 11, asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye kumbukumbu 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Sasa piga hesabu ya huyu mama, kilichozidi ni 488,000, asilimia 3 yake ni 14,640, jumla 104,640. Tofauti ya mwenye daftari na asiye na daftari ni 145,360. Na faida yake ya mwaka mzima kwa ile 2,770 ni kama 864,000, kwa hiyo bila daftari zaidi ya robo ya faida imeondoka.

Miaka yote tumekuwa tunawaambia wanafunzi umuhimu wa kutunza kumbukumbu ni kufanya maamuzi sahihi, sijui kupima maendeleo, wanakariri. Mtu akiona 145,360 hahitaji kukariri.

Desemba, Kiborloni

Mada ya masoko. Kitabu kinaleta zile P nne, bidhaa, bei, mahali na promosheni, alizipanga E. Jerome McCarthy Marekani mwaka 1960, na ni mpangilio mzuri tu, ila nimeupeleka Kiborloni kwenye mitumba.

Pea ya vijana wawili wanamfuata kaka anayefungua belo la blauzi. Belo 400,000, ndani vipande 200. Kwa akili ya kawaida kila kipande ni 2,000, usiuze chini ya hapo. Vijana wakamwambia hivyo, na kaka akawaonyesha anavyofanya kazi. Belo likifunguliwa tu asubuhi wanakuja wachuuzi na wadada wa maduka ya mjini kuchagua, vipande kama 40 vya gredi ya kwanza vinaondoka kwa 6,000, hapo tayari 240,000. Wanafuata wateja wa kawaida, vipande 80 kwa 2,500, ni 200,000 nyingine. Jumla 440,000, belo limerudi na kidogo juu. Vinabaki 80 ambavyo vina doa, vimefifia, vifungo havipo, hivyo anavimwaga kwenye turubai anaimba jero jero jero mpaka viishe, 40,000. Jumla 480,000, toa usafiri, ushuru na chakula.

Ukikomaa na ile 2,000 ya wastani unapoteza mara mbili, juu unauza kwa hasara ya ulichoweza kupata, na chini unakaa na vipande 80 vinashika hela yako wakati belo lingine lingeshafunguliwa. Hela ya belo imeshatoka, hairudi kwa kukataa jero. Nimefundisha hii mada mara nyingi kwa mifano ya kampuni za magari ya nje na haijawahi kueleweka hivi.

Na huyu kaka naye tulimtafutia vya bure. Vipo: anaacha mzigo stoo ya mjomba bila kulipa, na mdogo wake anakaa kwenye turubai. Viliingia kwenye safu ya nne.

Desemba, kabla ya likizo

Hapa fupi tu. Mnajua Desemba ya Moshi, watu wanarudi nyumbani kutoka kila kona, nyama inapanda, mbege inapanda, nauli ndo usiseme, mji unajaa. Nimewaagiza kila pea iandike bei ya kitu kimoja kila wiki mpaka Januari katikati. Hiyo ndo mada ya msimu na mahitaji, sitaandaa notsi nyingine.

Januari: hela ya lini

Wamerudi, na bei wamezileta, zimepanda zikashuka kama ilivyotegemewa, sitarudia hapa. Kilichonigusa zaidi ni mada ya mzunguko wa fedha, kwa sababu Januari ndo ada na kila mmoja darasani anaijua hiyo Januari.

Tulichora kihamba ubaoni. Maziwa yanaleta hela kila siku, kidogokidogo. Ndizi zinashuka sokoni siku za soko. Kahawa inalipa kwa msimu, na kwa wanaouza kupitia chama cha msingi cha ushirika kuna malipo ya awali halafu malipo ya pili kahawa ikishauzwa mnadani. Sasa familia inaweza kuwa na faida nzuri tu kwa mwaka mzima na bado Januari ikakosa ada, siyo kwa sababu hawana mali, ni kwa sababu hela yao haijafika tarehe yake. Faida na hela mkononi ni vitu viwili. Kijana mmoja wa Kibosho akasema ndo maana baba yake anauza mahindi mabichi shambani kwa dalali, bei ya kutupa, anajua kabisa anapunjwa ila anahitaji hela leo. Nikamwambia hiyo tofauti kati ya bei ya leo na bei ya baadaye ndo anayoilipa kwa kukosa akiba, na yenyewe ni gharama, iandikwe.

Bodaboda nazo zimeingia hapahapa. Piki ya 3,000,000, hesabu ambayo dereva anamletea tajiri mwenye piki ni 8,000 kwa siku, siku sita, kwa mwaka 2,496,000. Tajiri anahesabu kwamba mwaka na miezi kadhaa hela yake imerudi na kuanzia hapo anakula faida tupu. Ila piki inachakaa. Tuseme inakaa miaka mitatu halafu anaiuza 900,000, kila mwaka piki imeliwa 700,000. Kilichobaki ni 1,796,000, na hapo bado matairi, bima, na siku piki iko gereji hesabu haiji. Uchakavu ni jamaa wa yale maziwa ya maandazi, haudai hela mkononi leo kwa hiyo hakuna anayeuandika, na siku unapodai unadai piki nzima.

Januari, mwishoni: umiliki

Ndo sasa tumefika kwenye mada ambayo zamani ilikuwa ya pili. Nimefurahi sana tumeiweka huku, maana safari hii wana biashara za kuzijadili.

Kitu kilichohitaji muda ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Wengi waliingia wanaamini ukisajili jina la biashara umeshajikinga. Jina la biashara ni jina tu, deni la duka bado ni deni lako, wanaweza kufuata mpaka mali zako binafsi. Kinachotenganisha mali yako na ya biashara ni kusajili kampuni kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na hiyo inakuja na majukumu yake, hesabu za kila mwaka na mengine. Tulipitia madaftari moja moja tukauliza, huyu anahitaji kampuni? Karibu wote hawahitaji kwa sasa, wanahitaji daftari na pochi mbili, ya duka na ya nyumbani.

Kwenye ushirika sikuhitaji kwenda mbali, tumesimama pale mjini nje ya jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, tukaongea. Wakulima wa kahawa wa hapa walianza na KNPA, chama chao cha mwanzo, mwaka 1925, ikaja KNCU mwaka 1933, mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, sheria ya 1982 ikaruhusu virudi. Kwenye kampuni kura zako zinafuata hisa zako, kwenye ushirika mwanachama mmoja kura moja hata kama kahawa yako ni debe mbili na ya jirani ni magunia. Na pale kuna jambo la mradi wetu pia: mkulima anapouza kwa chama, kuchuma, kumenya na kuanika kumefanywa na familia na hakuna anayelipwa, ukilinganisha bei ya kahawa na gharama za dawa na mbolea peke yake unajidanganya. Wanafunzi wameanza kuliona wenyewe bila kusukumwa, mi nilisimama tu nasikiliza.

Februari

Madaftari yamerudishwa kwa wenyewe. Mama wa maandazi amebadilisha kitu kimoja, maziwa anaweka lita moja na maji, ile nyingine anamuuzia jirani, anasema andazi halijabadilika ladha na wateja hawajalalamika. Kwa hiyo 1,500 imeingia kila siku bila kuongeza hata andazi moja. Kaka wa Kiborloni ameomba pea yake iendelee kuja hata bila alama.

Mkuu wa idara amekubali daftari lihesabiwe kwenye alama za CA (zile za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho) kuanzia mwaka ujao, na mwenzangu wa uhasibu ameomba tulitumie hilohilo kwenye somo lake ili mwanafunzi asianze upya na mifano ya kitabuni.

Kilichobaki ni mkopo, na hicho nakiweka muhula unaokuja kwa sababu kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, zimejaa kila mtaa na wenye biashara wetu wengi wamo. Mfano nimeshauandaa: unapewa 100,000, unarudisha 4,000 kila siku kwa siku 30, jumla 120,000. Wanakwambia riba asilimia 20 kwa mwezi. Ila unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani mkononi ulikuwa na kama 50,000 tu, na umeilipia 20,000, hiyo ni kama asilimia 40 kwa mwezi. Halafu uweke kwenye maandazi kama yalivyokuwa Novemba. Cash ya mama kwa siku ni 24,000 kutoa 20,000, inabaki 4,000 kamili, marejesho yanatosha, anaona mkopo unalipika. Hakuna hata mia inayobaki nyumbani, na kila siku lita mbili za maziwa zinaingia kumlipa mkopeshaji. Nimeongea na mhasibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya hapa mjini aje na fomu zake halisi za mkopo, wanafunzi wapige hesabu juu yake mbele yake, amekubali, tunatafuta tarehe.